Aliyeshika Shuka

Mpanda,
26 Februari 2024

Kaka Hamdani,

Nimerudi shuleni jana, na kabla sijagusa madaftari ya wanafunzi nimeona nikuandikie. Simu yako nimeipiga mara nne tangu tumzike baba na hukupokea. Nikasema labda duka la dawa limekubana, au unaona haya kuongea na mfiwa. Wanaume wengi mko hivyo, mnaogopa mtu atawalilia sikioni. Basi silii, naandika tu.

Tulimzika Jumamosi ya tarehe 17, kwetu Mwamgongo, nyuma ya nyumba, mahali alipopachagua mwenyewe. Nataka ujue ulichotufanyia. Baba alipokata roho hospitalini pale Kigoma nilikuwa na picha yake moja tu, ya kitambulisho cha mpiga kura, amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Na jeneza lisilo na picha mbele yake, kwetu sisi, watu hulitazama wakaanza kuulizana kama marehemu alikuwa na mtu wa kumjali. Mtu mwenyewe ni mimi, mtoto wake wa pekee, niliyekaa huku Mpanda miaka tisa na kurudi nyumbani mara tatu.

Ndipo nikakumbuka maneno yake kwenye simu, Julai iliyopita: "Kuna kijana wa Ujiji kaja na kamera, katupiga wote, yangu anaikuza iwe kubwa." Nikaisaka namba yako, nikakupigia, na haikupita saa moja picha ikaingia. Baba ndani ya koti lake la kahawia, ametulia, anatazama mbele. Nililia pale pale kwenye korido. Nikamwonyesha muuguzi nikamwambia, huyu ndiye baba yangu kabla ugonjwa haujamla.

Asubuhi nikaichapisha, nikaitia fremu, nikaifunga kanga ili isilowe kwenye boti. Kutoka ufukweni mpaka kanisani, na kanisani mpaka kaburini, baba mdogo Yona ndiye aliyeibeba mbele ya jeneza. Watu walikuwa wakiitazama picha, kisha wanamtazama yeye, wanalia upya. Hao ndugu wawili walifanana sana.

Sasa nina ombi. Tarehe 29 Juni tunaweka msalaba na kumaliza matanga. Nataka picha hiyo ichapwe kwenye kigae na kubandikwa kaburini. Nitumie ile halisi, ile kubwa uliyokuwa unamkuzia, maana iliyopita kwenye simu imepoteza nguvu.

Ulitusitiri, kaka. Sitasahau.

Diana Anatoli

*

Ujiji,
9 Machi 2024

Dada Diana,

Pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta, na wateja wakaniuliza kama naumwa.

Samahani kwa simu. Kuna mambo yalikuwa yananizonga.

Kuhusu picha, nina habari mbaya. Kompyuta yangu imeharibika na mafaili mengi yamepotea, pamoja na hiyo. Naomba nikushauri kama kaka yako: kaburini weka jina tu na tarehe. Jina likichongwa vizuri linatosha. Picha juani hufifia, baada ya mvua mbili hutamjua mtu.

Nikwambie ukweli, sikujua kwamba picha inatembezwa mbele ya jeneza. Sisi Waislamu maiti anavikwa sanda, anaswaliwa, anazikwa siku hiyo hiyo, hakuna picha wala nini. Nimezaliwa Ujiji na nimewahi kuona misafara ya wenzetu ikipita, lakini sikuwahi kujiuliza ile fremu ina kazi gani. Uliponipigia nilidhani unataka ya kuweka nyumbani, ya kutazama mwenyewe. Ningejua, nisingeituma haraka vile.

Nakuombea subira.

Hamdani

*

Kidahwe,
11 Machi 2024

Kijana Hamdani,

Mwakeye. Sisi Waha tunaamkiana hivyo asubuhi hata na mtu tuliyemkasirikia, kwa hiyo usidhani nimekufurahia.

Naitwa Yona, mdogo wake marehemu Anatoli. Nalima hapa Kidahwe, barabara ya Kasulu. Mimi ndiye mtu uliyemzika tarehe 17 Februari.

Utakuwa unanikumbuka. Siku uliyokuja Mwamgongo na kamera yako nilikuwa nimekwenda kumtembelea kaka. Wanaume wote tulipigwa na koti moja, la Anatoli, tukipokezana, kwa sababu ndilo lililokuwa zima kijiji kizima. Na mimi nikalivaa, nikakaa kwenye kiti, ukaniambia nisicheke.

Sasa sikiliza. Tumeshusha jeneza kutoka kwenye boti. Diana anafungua kanga, anatoa fremu, ananikabidhi. Nikaangalia, nikajiona. Kovu hili la jembe juu ya nyusi, langu. Sikio hili lililochomoza, langu. La kaka ni koti tu. Nikamtazama mtoto. Macho yamemvimba, ananiambia, "Baba mdogo, umeona alivyopendeza?" Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Nikaibeba. Nimetembea na uso wangu kifuani, kaka yangu yuko nyuma yangu ndani ya sanduku, na watu pande zote wananililia mimi. Wako walioshtuka, nikawaona, lakini hakuna aliyethubutu kusema. Wengine walijiambia kwamba wagonjwa hubadilika sura. Bibi mmoja akasema kweli hawa walinyonya titi moja. Nilitamani ardhi inimeze kabla haijammeza yeye.

Tangu siku hiyo naona aibu hata kupiga mswaki kwenye kioo. Naona kama nimempora. Mtu huzikwa mara moja, na mara yake hiyo moja nilisimama mbele yake nikamziba.

Nina swali moja, nijibu kwa ufupi. Ya kwake iko wapi?

Yona

*

Ujiji,
17 Machi 2024

Mzee Yona,

Shikamoo. Ya kwake haipo.

Nimeliandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu nimeshachana barua tatu ambazo nilikuwa nalizungukazunguka bila kulifikia.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Nauza dawa. Kamera ni mapenzi yangu tu, nikipata mapumziko napanda boti nakwenda vijijini, napiga watu, nachapisha, nawapelekea bure. Roho yangu hutulia. Kwa Mwamgongo nilikuja na shuka jeupe la kuweka nyuma ya watu, nikalitundika uani kwa Mzee Anatoli, lakini upepo wa ziwa ukawa unalinyanyua. Mzee akasema, "Nipe nilishike mimi." Akapanda kwenye kigoda nyuma ya shuka, akainua mikono, akashika. Nilidhani atachoka baada ya watu watano. Alishika toka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Watu sitini na mmoja, na wewe ukiwemo.

Yeye alisema atakuwa wa mwisho kwa kuwa ni mwenyeji. Utakumbuka ulitaka kumshikia shuka naye akakataa, akasema usihangaike, ukuta unatosha. Akachana nywele, akavaa koti, akakaa. Nikainua kamera, ikagoma. Kadi ilikuwa imejaa.

Mzee, nilipaswa kusema. Maneno mawili tu, kadi imejaa. Lakini watu walikuwa wamenizunguka, siku nzima wananiita fundi, na yule mtu mikono ilikuwa inamtetemeka kwa ajili yangu. Niliona aibu. Flash yangu ina betri zake na kitufe cha kuijaribia, huwaka hata kamera isipofanya kazi. Nikakibonyeza. Mwanga ukampiga usoni, akaniuliza, "Imetoka?" Nikasema imetoka, tena nzuri, hii nitaikuza iwe kubwa.

Nilidhamiria kurudi mwezi unaofuata nimpige kweli bila yeye kujua. Ukapita huo, ukapita mwingine. Kila nikiona boti za kwenda huko nilikuwa napindisha njia.

Diana aliponipigia kutoka hospitalini analia, anaomba picha, sikuwa na cha kumpa. Nikafungua yako, nikaona koti. Nikaituma, nikazima simu.

Nitakalohukumiwa nitalipokea.

Hamdani

*

Kidahwe,
2 Aprili 2024

Hamdani,

Nimepata yako. Nilitaka nije Ujiji na fimbo lakini mvua imekata barabara ya shambani kwangu na miguu inauma, kwa hiyo shukuru mvua.

Baada ya kuisoma nilikwenda Mwamgongo kumsalimu shemeji yangu Rozalia. Nikaanza kumzungusha, oh shemeji, ile picha, unajua. Akanikata. Anajua. Alijua toka ufukweni, fremu ilipotoka kwenye kanga. Miaka arobaini na mmoja amelala na yule mwanamume, halafu mimi mpumbavu nilidhani koti limemdanganya.

Nikamuuliza, mbona hukusema? Akasema, "Ningesema pale, watu wangesema mtoto hamjui baba yake." Akaendelea kuchambua dagaa. Hakunyamaza kwa ajili yako, uelewe hivyo. Alimsitiri Diana.

Kuna jingine, na nakuandikia ili likuume kama lilivyoniuma. Kaka alipigilia msumari ukutani, juu ya redio, kwa ajili ya picha yake kubwa. Kuanzia Agosti, boti ya mjini ikikaribia alikuwa anashuka ufukweni kuuliza kama kuna bahasha ya Anatoli. Wenzake wote walishapata zao. Wakamtania kwamba yake imekuwa kubwa mno haitoshi kwenye boti. Alikuwa anacheka nao. Msumari upo mpaka leo.

Sasa tumekubaliana hivi mimi na shemeji. Picha yangu isiende kaburini, na Diana asijue kwa nini. Namna ya kufanya hayo mawili kwa pamoja utaitafuta wewe, uliyejua kuwasha taa isiyopiga picha.

Yona

*

Mpanda,
20 Aprili 2024

Kaka Hamdani,

Usihangaike tena na kompyuta. Nimepata fundi wa vigae hapa Mpanda ambaye ameichukua kutoka kwenye simu yangu akaisafisha, na imetoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Kigae kimekamilika. Kiko mezani kwangu nikiandika hivi, nimekifunika kitambaa, na kila nikimaliza kusahihisha nakifunua kidogo.

Umeniambia jina linatosha. Kwangu halitoshi. Wewe humjui mtu aliyekaa mbali na baba yake. Naisahau sauti yake, kaka, naona inavyokwenda. Nikiangalia picha najilazimisha kumsikia akisema, na sisikii. Lakini angalau uso ninao.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ya mazishi mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni, akasema, mwanangu, pua hii mbona kama siyo. Nilimjibu vibaya sana. Nilimwambia, mimi mwanaye nisimjue baba yangu, ukamjue wewe? Watu waligeuka. Yule mama akaniomba radhi mbele yao. Nimekuwa nikijisikia vibaya kwa ule ukali, maana ni mtu mzima, lakini neno lenyewe ninalirudia hadi leo.

Mama naye ananishangaza. Nilimwachia ile fremu aitundike, kuna msumari mzuri juu ya redio. Jirani ananiambia kwenye simu kwamba ameiegemeza chini, imegeukia ukuta. Nimemuuliza, anasema jua linaifubaza. Huzuni ina mambo yake, nimemwacha.

Wewe njoo tarehe 29. Nataka watu wamwone aliyetupa picha.

Diana

*

Ujiji,
4 Mei 2024

Dada Diana,

Keti kwanza.

Nimekatazwa kukuandikia haya, na walionikataza wanakupenda. Nimekaa na katazo hilo mwezi mzima. Lakini wewe umeshatengeneza kigae, na nikinyamaza utakibandika wewe mwenyewe kwa mkono wako, na utamtukana kila atakayekuambia ukweli.

Mtu aliye kwenye picha si baba yako. Ni Mzee Yona, amevaa koti la baba yako.

Baba yako sikumpiga. Kadi ya kamera ilijaa, nikaona aibu, nikawasha flash tupu nikamwambia imetoka. Hayo nimeshamwandikia Mzee Yona. Lakini hata kwake nilificha kipande kimoja, na wewe nakupa chote. Kadi haikujaa watu tu. Ilikuwa na picha thelathini na mbili za mdiria, yule ndege mvuvi, niliyempiga asubuhi hiyo kwenye majabali ya Gombe boti ilipokuwa inapita. Thelathini na mbili za ndege mmoja. Ningefuta moja, baba yako angepata nafasi. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua, nikamchagua ndege. Picha yake nimewaonyesha wenzangu wa kundi letu la kamera wakaisifu, nikakaa nikisifiwa.

Kompyuta haikuharibika. Huo nao ulikuwa uongo.

Wala wewe hukukosea kumtambua baba yako. Ulikuwa kwenye korido ya hospitali, umetoka kufiwa, mtu uliyemwamini anakutumia picha ndogo kwenye simu anasema ni huyu hapa, tena ndani ya koti unalolijua. Nilikudanganya wakati huwezi kuona. Ukitafuta wa kuona aibu, ni mimi.

Mama yako alijua tangu ufukweni. Amenyamaza ili usiaibike.

Hamdani

*

Mpanda,
19 Mei 2024

Hamdani,

Usinifundishe ni nani aone aibu.

Nimewafundisha Kiswahili kidato cha nne huyu na yule, nawaambia soma kwa makini kabla hujajibu. Mimi nilisoma uso wa baba yangu nikajibu ndiyo. Ndiyo, ni huyu. Nikamwonyesha muuguzi. Nikamkabidhi baba mdogo uso wake mwenyewe aubebe, na yeye akaubeba kwa ajili yangu, mzee wa miaka sitini na nane, kwenye ule mchanga.

Mama aligeuza picha ukutani na mimi nikaongea na jirani kuhusu huzuni.

Kadi yako na ndege wako sitaki kuvisikia. Kigae nimekiweka chini ya kitanda.

Usije tarehe 29.

Diana

*

Mwamgongo,
8 Juni 2024

Hamdani,

Ni mimi Yona ninayeandika lakini maneno ni ya shemeji Rozalia. Amenikataza kuongeza yangu, nitajitahidi.

Anasema: Mwanangu, salamu. Diana kafika juzi. Analala, anaamka, anafagia ua ambao nimeshaufagia. Hajaniuliza kitu na mimi sijamuuliza. Tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Anasema: Sina hasira na wewe kama ya Yona. (Ni kweli, mimi ninayo.) Mume wangu alifanya makosa makubwa kuliko lako katika ndoa hii na tulikula pamoja. Lakini kuna kitu nataka kuuliza na unijibu ukweli, maana naambiwa sasa umeanza kuusema.

Anasema: Siku ile Anatoli alishika shuka lako toka asubuhi. Usiku mabega yalimuuma nikamchua kwa mafuta ya mawese. Mimi pia ulinipiga, na nilipokaa kwenye kile kiti niligeuka nikaona vidole vyake juu ya kichwa changu, vimekunjwa kwenye upindo wa shuka. Halafu picha zilipokuja nikatazama yangu, nikatazama za majirani wote. Shuka lipo, watu wapo. Vidole vya mume wangu havipo hata kwenye moja. Vilikwenda wapi?

Anasema: Ukiwa na jibu, lete kabla ya tarehe 29. Na uje mwenyewe siku hiyo. Diana kakukataza, mimi nakuita. Nyumba bado ni yangu.

Haya, yamekwisha ya shemeji. Yangu ni moja tu. Njoo umevaa viatu vya kukimbilia.

Yona, kwa niaba ya Rozalia

*

Ujiji,
14 Juni 2024

Mama Diana,

Shikamoo mama.

Nilivikata. Kabla ya kuchapisha picha nilikuwa nazikata juu, moja baada ya nyingine, kwa sababu niliona vidole vinachafua kazi. Nilitaka watu waone shuka jeupe tupu wadhani nina studio. Nilikata picha sitini na moja, na nilijisikia fundi kweli kweli. Swali lako nimelisoma mara nyingi, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba pale juu nilipokuwa nakata palikuwa na mtu.

Lakini nilikata za kuchapisha tu. Kadi yenyewe ninayo. Tangu mwaka jana sijaweza kupiga nayo picha nyingine, iko kwenye kikopo cha dawa ndani ya droo. Jana nimeifungua. Mama, yupo. Kwenye kila picha yupo. Asubuhi vidole vimebana shuka sawasawa. Kufikia mchana mkono wa kulia umeshuka kidogo. Saa kumi vinashika kwa ncha tu. Kwenye picha yako vimeinama kuliko zote, kama anachungulia, ila kichwa hakionekani.

Ndani ya bahasha hii nimeweka mbili. Moja ni yako. Nyingine ni ya Mzee Yona, ile ile iliyobebwa mbele ya jeneza, safari hii nzima bila kukatwa. Nimechapisha kwa ukubwa niliomwahidi Mzee Anatoli. Nimempa nahodha mwenyewe mkononi, sikumwachia mtu.

Tarehe 29 nitakuja na nitasema mbele ya watu wote, hata kuhusu ndege. Nikizuiwa kushuka nitasemea kwenye boti.

Mwanao,
Hamdani

*

Mwamgongo,
1 Julai 2024

Hamdani,

Mama ananiambia nikuandikie kwamba amekasirika, kwa sababu uliondoka bila kula. Ugali ulikuwa umeshasongwa na migebuka ya ziwani imekaangwa. Anasema mtu anayekuja kwa watu kujiaibisha hivyo, angalau ale.

Hayo ni yake. Yangu ni haya.

Nilipokuona unashuka nilitaka kukurudisha. Halafu ukasimama pale mbele ya kaburi, ukasema yote, na ulipofika kwenye ndege baadhi ya watu wakacheka na wewe hukujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kusema na mimi langu, kwamba mimi ndiye niliyesema ni huyu. Nikasimama, sauti ikanigoma. Yule mama wa kwaya akaja akanishika kiuno akanikalisha. Sijamwomba radhi bado, nitakwenda kesho.

Sijakusamehe. Naandika hivyo ili usije ukasikia vingine kwa baba mdogo, ambaye siku hizi anakusifia. Kile kigae amekichukua, anarudi nacho Kidahwe. Anasema kimeshatengenezwa, yeye ndiye mwenye sura, kitamngoja siku yake, na kwamba ni watu wachache waliobahatika kujifanyia mazoezi. Kaburini tumeandika jina.

Lakini kuna jambo ambalo hukuliona, maana lilitokea kabla hujafika, na nadhani unastahili kulijua.

Bahasha yako ilipokuja mama hakunieleza ina nini. Alikuwa hajaniambia hata alichokuuliza. Alinikuta nafagia, akanipokonya ufagio, akanipa ile picha kubwa ya baba mdogo, akasema, "Tazama." Nikasema, mama, huyu ni baba mdogo, nimeshajua, unataka nini tena kwangu. Akasema, "Sikukuuliza huyo. Tazama."

Basi nikatazama. Nikauona mkono wa kushoto juu ya shuka, na kidole kile cha shahada kilichokatika kwenye injini ya boti nikiwa darasa la pili. Kilikuwa kikinishika hapa nyuma ya shingo nilipokuwa navuka maji, kile kifupi, na nilikuwa nakijua hata nikiwa nimefumba macho. Nikasema, "Data." Sikuwa nimelitamka neno hilo la Kiha tangu nilipoanza sekondari, nilikuwa namwita baba kama wenzangu wa mjini.

Mama alichukua picha akaitundika kwenye msumari, juu ya redio, na akarudi kunipa ufagio wangu.

Diana